Dramu ya Baridi: Maneno kwa Madereva na Mafundi wa Mabasi

Maneno haya yalisemwa gerejini Ipogolo, Iringa, mbele ya madereva, mafundi, utingo na wenye mabasi. Yameandikwa yalivyosemwa, ila marudio yamepunguzwa.

Wazee wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Na akina mama mliokuja, wenye magari na wenye leseni, karibuni sana.

Nimeombwa nizungumzie breki za mabasi. Breki ni habari ndefu. Kuna kompresa, mitungi, valvu, dramu, laini, na kila kimoja kinaweza kutuweka hapa mpaka jioni. Mimi leo nimeshika kitu kimoja, hiki kilicho mezani. Kitazameni: ni kama sufuria mbili ndogo zilizofunikiana midomo, na upande mmoja imetoka rodi. Tunakiita busta. Hicho kikubwa cha pembeni, chenye vyumba viwili, ndicho cha matairi ya nyuma, nacho tunakiita maksi. Nitaeleza habari zake, na ndani ya habari hizo kuna neno moja ambalo limenikaa kifuani kwa zaidi ya miaka ishirini. Neno lenyewe ni kuziba.

Nyote mnajua kuziba. Basi limejaa, ni usiku. Kila dereva akikanyaga breki unasikia upepo unatoka nyuma kushoto, na geji inashuka. Utingo anaingia chini na tochi ya simu, anarudi na kusema, "Suka, mpira wa busta umepasuka." Spea hakuna. Tajiri anapiga simu kwa mara ya tatu. Hapo mtu mmoja mwenye mikono myepesi anafungua hosi inayoingia kwenye busta ile, anachomeka bolti mdomoni mwake na kukaza klipu. Au anaikunja na kuifunga kwa mpira wa tyubu. Upepo hautoki tena, geji inapanda mpaka mahali pake, abiria wanashangilia, na aliyeziba anaitwa fundi kweli kweli.

Nami niliwahi kuitwa hivyo, na nitawasimulia ilivyokuwa. Lakini kwanza tuelewe ni kitu gani tunachokiziba.

Ndani ya sufuria hizi mbili kuna mpira mnene uliosukwa na kitambaa cha nailoni, ndio diaframu. Huu hapa, nimeufungua. Ukikanyaga pedeli, upepo unaingia nyuma ya mpira, mpira unasukuma sahani, sahani inasukuma rodi. Rodi inasukuma mkono wa slaki, yaani mkono unaounganisha rodi na shafti, slaki inazungusha shafti yenye kichwa cha umbo la S, na kichwa kile kinatanua viatu vya breki mpaka laini, yale mabamba ya kusugua yaliyo juu ya viatu, zigande kwenye dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na tairi. Ukiachia pedeli, upepo unatoka na springi ndogo inarudisha rodi ndani. Kazi yote ya kusimamisha tani za basi na watu hamsini inapita kwenye kipande hiki cha mpira.

Sasa someni namba iliyopigwa kwenye bati: hii ni 30, ile ya mbele ni 24. Si namba ya mapambo. Ni ukubwa wa diaframu kwa inchi za mraba. Upepo wa paundi 100 kwa kila inchi ya mraba, ambao ni karibu baa 7, ukiingia kwenye busta ya 30, rodi inasukuma kwa nguvu ya paundi 3,000. Ni karibu kilo 1,360, yaani gari dogo zima limesimama juu ya rodi nene kama kidole gumba. Ya 24 kwa upepo uleule inatoa 2,400. Kwa hiyo ukikuta fundi amefunga 24 kushoto na 30 kulia kwenye ekseli moja kwa sababu ndiyo aliyoipata dukani, basi lile litavuta upande mmoja kila likikanyagwa, na siku ya mvua ndiyo litakayowaonyesha. Ekseli moja, namba moja, pande zote mbili.

Kumbukeni pia kwamba basi la ekseli mbili lina busta nne tu. Siyo kumi, nne. Ukiziba moja umepunguza robo ya busta zako zote, na ikiwa ni ya nyuma, kwenye uzito mkubwa, umepunguza zaidi ya hapo.

Na dereva hatajua. Hapa naomba madereva wanisikilize vizuri, maana wengi wenu mlianza na magari ya breki za mafuta. Kule, breki ikiharibika mguu unakwambia: pedeli inazama, inakuwa laini, unapampu mara mbili. Pedeli ya upepo haisemi. Chini ya mguu wako kuna valvu tu, inafungua upepo na kufunga. Breki ziwe zimekazwa vizuri au rodi ziwe zimetoka mpaka mwisho, mguu utasikia uzito uleule. Hosi iwe wazi au iwe na bolti mdomoni, uzito uleule. Tena ukishaziba, geji inasoma vizuri zaidi kuliko kabla hujaziba, kwa sababu pale palipokuwa panavuja hapapelekwi upepo tena. Kila alama iliyo mbele ya dereva inamwambia kwamba gari ni zima.

Mwaka 2004 nilikuwa fundi kijana, nasafiri na gari la kampuni ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunatoka Dar kuja hapa. Tulipofika Ruaha Mbuyuni jioni, pale kwenye wauza vitunguu, busta ya nyuma kushoto ikawa imepasuka mpira. Nikaziba. Haikuchukua hata dakika kumi na tano. Kupanda mlima wa Kitonga hakutaki breki, kunataka gia, kwa hiyo tulipanda vizuri, tukafika Iringa, abiria wakashuka wakitushukuru. Mimi nikala, nikalala. Nilikusudia kutafuta diaframu asubuhi.

Asubuhi nikakuta gari limepangiwa kurudi Dar, na dereva ni mwingine. Nikamwambia msimamizi wa zamu kwamba nyuma kushoto pamezibwa. Akasema tutatengeneza Dar. Nikapanda gari, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Dereva sikumwambia. Nilidhani ameambiwa. Hilo ni kosa langu, nimelibeba na nitaendelea kulibeba.

Mnaijua Kitonga ukiwa unateremka, mlima umesimama upande mmoja na bonde upande mwingine, na malori yanapanda taratibu mbele yako. Dereva yule alikuwa mtu mzima na makini. Aliingiza gia nzito mapema. Kila kona alikanyaga kidogo na kuachia, kama anavyotakiwa. Kwa mguu wake kila kitu kilikuwa sawa. Mimi nyuma kule nikasikia kwanza harufu, ile harufu ya laini zinazoungua, inayokaa kooni. Kisha nikaona moshi kwenye dirisha la kulia. Nikapiga kelele. Alipokanyaga mara ile, gari halikupungua mwendo. Akaligeuza kwenye mtaro wa upande wa mlima, likajisugua kwenye ukingo, likasimama limeinama. Mama mmoja alivunjika mkono. Mwanawe mdogo aliyekuwa amempakata hakuumia, alikuwa analia tu kwa sababu mama yake analia.

Nilishuka nikalizunguka gari. Matairi ya mbele yote mawili yalikuwa yanatoa moshi. Nyuma kulia dramu ilikuwa imegeuka rangi ya buluu, huwezi kuisogelea. Nikaenda nyuma kushoto, nikaweka kiganja changu juu ya dramu. Ilikuwa baridi. Baridi ya asubuhi ya Iringa ilikuwa bado imo ndani yake. Breki tatu zimeungua kwa kufanya kazi ya nne, na ya nne haikugusa hata mara moja kwa sababu mimi niliinyima upepo.

Tangu siku ile mkono wangu haujaziba busta ya gari lenye abiria. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na nimesikia watu wakitumia methali hiyo kujitetea barabarani. Ufa wa busta ni mpira uliopasuka. Sisi hatuuzibi huo, tunauacha ulivyo, tunaziba njia ya upepo, halafu tunamkabidhi dereva gari ambalo limepungua breki bila yeye kujua.

Kilichotokea pale mlimani kina maelezo yake, na kila dereva anapaswa kuyajua. Dramu ni chuma, na chuma kikipata moto hupanuka. Ikipanuka inakwenda mbali na laini, kwa hiyo rodi ya busta inalazimika kutoka zaidi ili laini zifike. Busta ya 30 ya kawaida ina mwendo wa inchi 2 na nusu tu. Ikifika hapo sahani inagonga bati la mbele, na hata ukijaza upepo kiasi gani hakuna kinachosukumwa tena. Wakati huohuo laini zenyewe zikiungua hazishiki vizuri. Kwa hiyo mambo mawili yanakupata pamoja: rodi inakaribia ukuta, na laini inateleza. Breki zilizokazwa vizuri stendi zina nafasi ya kuhimili moto huo. Zilizolegea hazina, na iliyozibwa inawapa wenzake moto wake wote.

Ndiyo maana nawaomba mafundi tupime. Tusitazame kwa macho na kusema iko sawa, tupime. Kifaa chenyewe ni hiki: chaki. Na rula ya mtoto wa shule.

Unaweka kabari kwenye matairi, mbele na nyuma. Unajaza upepo mpaka geji itulie, dereva anaachia hanbreki ili springi za maksi zirudi ndani. Unachora mstari kwenye rodi, pale pale inapotokea kwenye bati. Unazima injini, unashusha upepo mpaka uwe kati ya paundi 90 na 100, kisha dereva anakanyaga pedeli mpaka chini na kushikilia. Mstari wako unatoka nje. Umbali kutoka kwenye bati mpaka kwenye mstari ndio mwendo wa rodi. Busta ya 30 ya kawaida isizidi inchi 2, yaani milimita 51. Ya 24 na ya 20 za kawaida zisizidi inchi 1 na robo tatu, milimita 44. Zipo busta za mwendo mrefu zenye kipimo chake, na hizo zina alama kwenye bati au tundu la hosi lenye kichwa cha mraba. Usome kabla hujahukumu.

Nusu inchi. Kati ya busta iliyofika kikomo cha kipimo na busta isiyo na nguvu kabisa kuna nusu inchi tu, ndogo kuliko upana wa kidole chako. Ndiyo maana macho hayatoshi.

Kwenye magari mengi mapya slaki inajikaza yenyewe. Hapo kuna kosa ninaliona kila wiki: fundi anakuta rodi ni ndefu, anachukua spana, anaikaza kwa mkono, gari linakwenda. Slaki ya kujikaza ikikutwa imelegea ina ugonjwa. Pengine yenyewe imekufa, pengine bushi za shafti zimekwisha, pengine pini ya rodi imelika, pengine iliwekwa pembe mbaya tangu mwanzo. Ukiikaza kwa spana unaficha ugonjwa kwa siku chache, na fundi anayefuata atakuta kipimo kizuri na kupita. Tafuta kilicholika. Na unapofunga, hakikisha breki ikikanyagwa rodi na mkono wa slaki vinakutana kwa pembe mraba, kwa sababu pembe ikiharibika nguvu yote ile ya paundi 3,000 inapotea njiani.

Sasa maksi. Vijana, hapa nataka mnyamaze kabisa.

Maksi ina vyumba viwili. Cha mbele ni busta ya kawaida kama nilivyoeleza. Cha nyuma kina springi kubwa, na kazi yake ni kinyume: upepo hauishiki breki, upepo unaiachia. Springi inataka kusukuma rodi wakati wote, na upepo ndio unaoizuia. Ndiyo sababu gari likikosa upepo haliendi popote. Kutoka paundi 60 kushuka, taa na kengele vinawaka, springi inaanza kushinda, na upepo ukizidi kushuka inakamata yenyewe. Aliyebuni hivi alitaka gari likipoteza upepo lisimame, lisikimbie. Treni zilikuwa na wazo hilohilo tangu breki ya Westinghouse ya mwaka 1872: bomba likikatika, mabehewa yanajishika.

Springi hii ikiwa imebanwa inashikilia nguvu ya karibu tani moja, na nyingine zaidi ya hapo. Inakaa hivyo mwaka mzima, kimya, imezungukwa na bati. Rafiki yangu tuliyejifunza naye kazi alifungua kopo la nyuma la maksi ya zamani, ile iliyokuwa na klampu pande zote mbili. Alitaka kubadilisha mpira. Alilegeza nati ya pili. Bati liliruka. Tulimzika kwao, na mtoto wake wa kwanza alikuwa bado hajatembea.

Kwa hiyo kopo la nyuma halifunguliwi. Kwenye maksi za sasa limebanwa kiwandani lisifunguke, na bado kuna watu wanapiga patasi. Usifanye. Likiharibika upande wa springi, maksi nzima inatolewa na kuwekwa nyingine. Na ile ya zamani isitupwe tu kwa wauza chuma chakavu ikiwa na springi yake, maana kijana atakayeipiga nyundo au kuikata kwa gesi hajui alichokishika. Ibanwe kwa bolti yake, ibaki na bolti hiyo, iandikwe kwa rangi kubwa, na mnunuzi aambiwe kwa mdomo.

Upande wa mbele, wenye klampu ya kukaza kwa bolti mbili, unaruhusiwa kufunguliwa ili kubadilisha diaframu. Lakini springi ibanwe kwanza. Angalieni pembeni mwa maksi, kuna kimfuko chenye bolti ndefu, ile ndiyo bolti ya kubania springi. Magari mengi mkiyaangalia kimfuko ni kitupu, na bolti ikipotea mtu anabuni yake. Tairi ziwe na kabari kwanza, kwa sababu unakwenda kuondoa hanbreki. Jaza upepo, achia hanbreki, ili upepo wenyewe uirudishe springi. Toa kifuniko cha mpira cha nyuma, ingiza bolti, izungushe robo mzunguko mpaka ishike, vuta uone haitoki. Kisha kaza nati kwa spana ya mkono. Usitumie mashine ya upepo, inakata na kuvua nyuzi. Ikibanika vizuri bolti itakuwa imetoka nje kama inchi 3. Ikigoma au ikizunguka bila kuvuta, acha, springi imevunjika ndani, maksi hiyo nenda kabadilishe nzima.

Ukimaliza kutoa upepo kwenye mitungi, ndipo ufungue klampu. Safisha bati, tazama kama kuna kutu iliyokula ukingo, weka diaframu mpya ya namba ileile, rudisha klampu na uwe unaigonga kwa nyundo ndogo kuizunguka huku unakaza bolti zote mbili kwa zamu, ili ikae sawa pande zote. Badilisha na ya upande wa pili. Mpira wa kulia na wa kushoto vilianza safari siku moja, mmoja ukipasuka mwenzake haupo mbali. Kisha jaza upepo tena, povu la sabuni kuzunguka ukingo, dereva akanyage, utazame kama linachemka. Halafu fungua bolti ya springi, irudishe kwenye kimfuko chake, na rudisha kile kifuniko cha mpira. Nimeona maksi nyingi hazina kifuniko. Maji ya mvua na tope vinaingia, springi inaota kutu, siku moja inavunjika na ncha yake inatoboa mpira kutoka ndani. Matundu madogo ya kupumulia chini ya bati nayo yawe wazi na yatazame chini.

Mabasi yenye breki za diski yana busta za namna nyingine, zenye mpira wa kuzuia uchafu usoni. Msizibadilishane na za dramu hata kama bolti zinaingia.

Kuhusu kuvuja, nina jambo moja kwa mafundi wenzangu. Upepo ukitoka kwenye matundu ya busta wakati pedeli imekanyagwa, diaframu ya mbele imepasuka, hilo mnalijua. Lakini ipo hali ambapo hanbreki imeachiwa, mguu hauko kwenye pedeli, na upepo unatoka kwenye valvu ya relei, ile inayogawa upepo kwa breki za nyuma, katikati ya chesi. Fundi anasema valvu imekufa. Anabadilisha valvu. Upepo bado unatoka. Anabadilisha ya pili, hela ya tajiri inakwisha. Ugonjwa uko kwenye maksi: sili ya katikati, kati ya vyumba viwili, imechoka, upepo wa chumba cha springi unapita kwenda chumba cha mbele, unarudi na hosi mpaka kwenye valvu na kutokea pale. Fungua hosi ya mbele ya kila maksi moja moja, hanbreki ikiwa imeachiwa. Inayopumua ndiyo mgonjwa.

Na mpira wenyewe unauawa na nini? Mara nyingi ni mafuta. Kompresa, ile pampu ya upepo, ikichoka inarusha oili kwenye mitungi, oili inafika kwenye diaframu, mpira unavimba na kuwa kama ulimi. Huu hapa, upitisheni, mbonyeze kwa kidole. Huu ulikaa kwenye gari miezi michache tu. Utingo, kazi ya kufungua mitungi chini kila jioni ni yako, na unachokiona kinatoka ukiseme: maji matupu ni ya kawaida, yakiwa meupe kama maziwa au yana oili, mwambie fundi siku hiyohiyo.

Kwenu wenye magari. Najua siku moja ya gari kusimama ni hela ngapi, na najua mkopo hausimami. Ninawaomba kitu kinachoweza kuingia kwenye buti: maksi moja nzima, busta moja ya mbele, diaframu mbili za kila namba, hosi mbili, na bolti za kubania springi. Kila basi. Fundi mwenye vitu hivyo Mbuyuni hatatafuta bolti ya kuzibia, kwa sababu kazi ya kubadilisha ni saa moja na nusu. Na maksi ikibanwa kwa bolti ili gari lisogee, lisogee tupu kwenda gereji iliyo karibu, abiria wamehamishiwa gari jingine. Mkituambia kwa simu "ziba uje", sisi vijana wenu tutaziba, kwa sababu tunahitaji kazi. Msituambie hivyo.

Dereva, wewe usilipokee gari kwa funguo tu. Muulize aliyelileta kwa jina la kila tairi: mbele kulia vipi, mbele kushoto vipi, nyuma kulia, nyuma kushoto. Lazima ajibu. Iandikwe kwenye daftari la gari na aliyelileta aweke jina lake. Kama mwaka ule ningeulizwa swali hilo, nisingeweza kunyamaza. Na ukishateremka mlima wowote, Kitonga au Sekenke, ukapata mahali salama pa kusimama, shuka uzunguke. Usiguse dramu, utaungua. Peleka kiganja karibu tu. Iliyo ya moto kuliko wenzake inakwaruza. Iliyo baridi haifanyi kazi, hata kama geji inasema nini, na hapo safari imekwisha mpaka ijulikane kwa nini.

Nimesema mengi, na mpira ule umerudi mezani, naona umeshapita mikononi mwa wote. Basi lililo shimoni liliingia jana, dereva wake anasema halina tatizo lolote. Sijalipima, nilitaka tulipime pamoja. Kabari zimeshawekwa. Mzee, naomba upande ukae kwenye usukani, jaza upepo, achia hanbreki, na nikisema kanyaga ukanyage mpaka chini. Mdogo wangu wewe wa mwisho pale, ndiyo, wewe, njoo ushike chaki. Tunaanza nyuma kushoto.